Alama Moja ya Abla Suraya

Kiti cha Abla Suraya kilikuwa karibu na dirisha la chumba cha walimu, na tangu azikwe hakuna aliyekikalia. Si kwamba mtu alikataza. Mwalimu wa jiografia aliwahi kuweka mkoba wake juu yake, akauondoa mwenyewe kabla chai yake haijapoa, kama mtu aliyejikuta amekanyaga msala kwa viatu. Inshirah alikuwa akipita kila asubuhi akiligusa egemeo lake, na mara nyingi alilikuta lina joto. Alijua ni jua. Dirisha linatazama mashariki, na jua la Dumyati halibishi hodi. Alijua, na bado mkono wake ulirudi haraka kifuani.

Dumyati, kaskazini ya Misri, ni mji wa maseremala. Unaamka kwa misumeno na unalala na harufu ya vanishi, na mabibi harusi wa nchi nzima hulala kwenye vitanda vilivyochongwa pale. Lakini uliza mwanamke yeyote wa mtaa ule wa mtoni, awe anauza jibini au anapima watu damu hospitalini, Kiingereza chake kakipata wapi. Atakwambia: kwa Abla Suraya, shule ya kati ya wasichana. Abla ni dada mkubwa, na ndivyo wanavyowaita walimu wa kike, wapendwe wasipendwe. Suraya aliogopwa kwanza, mapenzi yakaja baadaye, wasichana walipokuwa mama.

Siku ya kwanza ya kila mwaka aliandika ubaoni anachokitarajia. Daftari lenye jalada. Pambizo iliyopigwa kwa rula. Sentensi nzima, si vipande vya sentensi kama makombo ya mkate. Halafu anafuta chaki mikononi na kusema kwa sauti ya chini, akivuta pua kidogo: "Na alama kamili msiitarajie. Ukamilifu ni wa Mungu."

Hakuwa akitania. Karatasi yenye makosa ilipata inachostahili, na kila kosa lilizungushiwa duara jekundu. Karatasi isiyo na kosa hata moja ilipata kumi na tisa kwa ishirini. Haikuwa na duara. Haikuwa na mstari. Juu kabisa iliandikwa ile kumi na tisa, na chini ikatiwa saini ya kijani, maana katika shule ile kila karatasi hupita kalamu mbili, nyekundu ya kusahihisha na kijani ya kuhakiki. Msichana akienda kuuliza alama moja imekwenda wapi, Abla alihamisha karafuu kutoka shavu moja hadi jingine, maana alikuwa na maradhi ya meno, akamjibu neno moja tu.

"Tafuta."

Inshirah aliambiwa neno hilo akiwa msichana wa misuko miwili. Akatafuta. Aliisoma insha yake mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Akawauliza binamu zake wa Iskandaria, akamuuliza nahodha mstaafu aliyeijua London. Hakuna aliyeona kitu. Mwishowe mama yake, ambaye hakujua kusoma, aliichukua karatasi ile jikoni akafungia bajia za maharage, na Inshirah akalia kama aliyefiwa. Tangu hapo hakuwa tena na pa kutafuta, basi akatafuta kila mahali.

Ndivyo alivyokua na ndivyo alivyozeeka. Aliolewa, akafiwa na mume, akamlea mwanawe peke yake kwenye nyumba ya ghorofa iliyo juu ya duka la vanishi, na katika yote hayo alikuwa mtu wa kurudi nyuma kuhakikisha. Akifunga gesi, anarudi kuitazama. Akishonewa gauni, linarudishwa kwa fundi. Mwanawe alipopata kazi Kuwait na kumtumia picha ya sebule yake mpya, mama aliitazama kwa muda mrefu, akamjibu: "Pazia la kushoto limepinda." Kijana hakutuma picha nyingine. Inshirah hakuelewa kwa nini. Alikuwa amesema kweli. Pazia lilikuwa limepinda.

Alipohitimu ualimu, alipangiwa shule ile ile, akafundisha chini ya Abla Suraya. Abla alipostaafu, aliendelea kuja majira ya mitihani, akakaa dirishani na karafuu yake, na kalamu ya kijani ikabaki mkononi mwake bila mtu kuthubutu kuidai. Kisha akafa, kabla ya baridi. Mwalimu mwenzao wa Kiingereza alikuwa amehamishwa na nafasi yake haikujazwa. Kalamu zote mbili zikamwangukia Inshirah.

Yeye naye hakubadili kitu. Aliandika ubaoni yale yale, akasema yale yale. Karatasi ya kwanza isiyo na kosa ilipofika mezani kwake mwaka ule, ikiwa ya msichana mmoja aitwaye Basant, mkono wake uliandika kumi na tisa kabla yeye hajaamua.

Basant alikuwa msichana wa kucheka. Baba yake mchonga vitanda, mama yake mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Karatasi za mtihani wa mwezi huenda nyumbani kutiwa saini na mzazi, na kesho yake Basant alirudi na ya kwake, akaja nayo mpaka mbele ya meza.

"Abla, samahani. Hii moja imekwenda wapi?"

"Moja ipi?"

"Ya ishirini. Wekundu sioni popote. Nimeigeuza mpaka nyuma."

Darasa likachangamka. "Kaidai kwa Mungu, Basant!" alisema mmoja. Mwingine wa nyuma: "Yeye analilia moja, mimi nimekosa kumi na mbili na nimekula na kushiba!"

Inshirah alifungua kinywa. Alikusudia kusema jambo la upole, kwamba ndivyo ilivyo, kwamba na yeye zamani yalimkuta. Kilichotoka hakikuwa chake. Ilikuwa sauti ya chini, nzito, na kabla yake pua ilivutwa kidogo.

"Tafuta."

Kicheko kilikatika. Wasichana wale walikuwa wamemdiriki Abla Suraya. Walimsikia majira ya mitihani, miaka miwili, korido nzima. Huko nyuma mtu akasema "Bismillahi" polepole. Basant alirudi kwenye dawati lake akitembea kama aliyebeba ndoo iliyojaa.

Inshirah aliweka kidole kwenye koo lake mwenyewe. Mdomoni alisikia ladha ya karafuu, na maisha yake yote hakuwahi kuitia karafuu kinywani.

Miezi ikapita na Basant akaacha kucheka. Kila mtihani kumi na tisa, kila mara hakuna duara. Akaanza kuandika na kufuta, kufuta na kuandika, mpaka karatasi zikatoboka. Akiulizwa swali alilokuwa akilijibu kabla halijaisha, sasa alinyamaza, macho yakienda kushoto na kulia kama mtu anayesoma kitu hewani. Inshirah alimwona kutoka ubaoni akaacha kuandika, maana yale macho alikuwa akiyajua. Aliyaona kila siku kwenye kioo.

Siku za pepo za vumbi zilipoanza, zile zinazokuja kutoka jangwani kila machipuko, mama yake Basant alifika shuleni. Aliingia chumba cha walimu na sinia ya vitamu vya asali, akaitua juu ya meza kwa kishindo.

"Si hongo hii, msije mkanipeleka mahakamani. Ni ya kutia midomo utamu, maana maneno yangu machungu. Nani Abla Inshirah?"

"Ni mimi, Mama Basant. Karibu, keti."

Mama Basant akatazama kiti kilichokuwa wazi, cha dirishani, akakitambua. "Hapo? Aka. Hapo mimi nilisimamishwa nikalia. Nitasimama." Akaweka mikono kiunoni. "Binti yangu hali. Nikimpa maharage anayatazama kama yameandikwa. Usingizini anasema Kiingereza. Baba yake anadhani kapagawa, anataka kumwita shekhe. Na jana ameniambia, sikia, ameniambia hataingia mtihani wa mwisho wa mwaka mpaka aijue hiyo alama ilikokwenda. Asipoingia atarudia mwaka. Mtoto mwenye akili kama ile, arudie mwaka na wajinga kama nilivyokuwa mimi?"

"Mwanao ni hodari kuliko wote, Mama Basant."

"Basi mpe alama yake mtoto wa watu! Mimi nilikuwa napata nane kwa Abla Suraya, nane, na Mungu ni shahidi, usingizi wangu mpaka leo hauna kasoro. Huyu anapata kumi na tisa na anakufa." Sauti ikamvunjika. "Alikosea wapi, Abla? Niambie mimi. Nitamwambia ni mimi niliyeona."

 Kwa mara ya kwanza maishani Inshirah aliona kwamba hakuwa na jibu la Basant kwa sababu hakuwa na la kwake mwenyewe. Akaahidi kulileta.

Ijumaa baada ya sala ya mchana alikwenda kwa Bi Firyal, mdogo wake Abla Suraya, aliyebaki peke yake katika nyumba yao ya mtoni. Bi Firyal alikuwa mzito wa sikio na mwepesi wa ulimi. Alimkalisha jikoni, akaendelea kuchambua bamia.

"Umekuja kuuliza ile moja," alisema.

"Umejuaje, Bi Firyal?"

"Mwanangu, wanawake wa mji huu wanaokuja hapa ni wa namna mbili. Kuna wanaokuja kunipa pole, na kuna wanaokuja kudai." Akacheka bila sauti. "Yuko mmoja daktari, alikuja na gari yake, kakaa hapo hapo ulipo, akalia. Nikamwambia nenda, hujui unaloliuliza. Lakini wewe umekamata kalamu yake. Wewe una haki."

Akaweka kisu chini.

Walikuwa dada watatu, alisema. Wa mwisho, Naima, ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Siku moja Naima alipata alama kamili, jambo ambalo mtaa haujawahi kulisikia, na Suraya, aliyekuwa msichana bado, ndiye aliyetoka mbio nje akipiga kelele: ishirini kwa ishirini, ishirini kwa ishirini! Wanawake wakapiga vigelegele madirishani. Baba akamwaga sharbati kwa kila mpita njia. Mtaa mzima ulikuja kumtazama Naima, akiwa amesimamishwa juu ya kiti katika nguo ya sikukuu, na kila jicho likala sehemu yake. Usiku homa ikaingia. Juma halikuisha, wakamzika.

"Suraya hakusema kitu. Lakini alipoanza kufundisha, nilimwona. Karatasi ikiwa nzima, anaitoa moja. Nikamuuliza, Suraya, unawaibia watoto wa watu? Akaniambia, siwaibii, nawafunika. Nani atamhusudu mwenye kumi na tisa?" Bi Firyal akapangusa macho kwa upande wa mkono. "Mchongaji hodari huacha ua moja bila kulimaliza, chini ya kitanda, lisionekane. Huliachia jicho la husuda lipate pa kutua. Ndiyo hiyo moja, mwanangu. Hukukosea popote."

Inshirah alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Hukukosea popote. Alikuwa amelisubiri neno hilo tangu utoto, na sasa limekuja na kaburi la mtoto ndani yake. Njiani hakuweza kufurahi. Kwamba alipendwa, alielewa. Kwamba mapenzi yale yalimfanya mtu asiyeweza kutazama sebule ya mwanawe bila kuona pazia, hilo pia alilielewa. Na alielewa kwamba mtihani wa mwezi, wa mwisho kabla ya ule wa mwaka, ulikuwa tayari mezani kwake, na karatasi ya Basant ilikuwemo.

Aliisahihisha mchana wa siku ya shule iliyofuata, chumba cha walimu kikiwa kitupu. Vumbi lilikuwa limeziba madirisha kwa rangi ya manjano. Insha ilikuwa juu ya nyumba ya bibi. Alisoma neno baada ya neno, akiweka vema ndogo nyekundu kila mstari, vitenzi, vituo, herufi kubwa, kila kitu mahali pake. Hakuna kosa. Kalamu ikasimama juu, mahali pa alama.

Harufu ya karafuu ikaja. Kule dirishani kiti kikalia kidogo, kama kinavyolia kiti mtu anapojisogeza mbele ili aone vizuri.

"Wewe ulimfunika Naima aliyekwisha kufa," alisema Inshirah bila kugeuka. "Huyu anakufa kwa kufunikwa."

Akaandika ishirini. Sifuri ikatoka mbaya. Akaandika saini ya kijani, kisha akasoma Kul-audhu, sura za kinga ya husuda, akaipulizia karatasi pembe zote, akaikunja. Darasani hakuitangaza. Alimpa Basant ikiwa imekunjwa, akamwambia chini chini: "Usimwonyeshe mtu, ila mama yako." Basant aliifungua chini ya dawati. Inshirah alisubiri tabasamu. Badala yake uso wa mtoto ulipauka ukawa kama nta.

Kesho yake dawati la Basant lilikuwa tupu.

"Mgonjwa, Abla," alisema jirani yake. "Mama yake kasema hajatoka chumbani tangu jana."

Inshirah aliendelea kufundisha, lakini ubaoni aliandika jambo na kusahau kwa nini. Masikioni mwake vilikuwa vigelegele vya wanawake waliokufa zamani. Jana alimtoa mtoto uchi mbele ya jicho la dunia, na hakuhitaji mtaa mzima. Jicho moja linatosha. Kengele ya mwisho ilipolia hakungoja kufunga mkoba. Alitembea katika vumbi, kitambaa mdomoni, mpaka karakana ya baba yake Basant, iliyo chini ya nyumba yao. Akasimama mlangoni.

Baba alikuwa amepiga magoti kando ya ubao wa kichwani wa kitanda, patasi mkononi. "Karibu, Abla! Umekuja kuchumbia kitanda?" Kisha akaona uso wake. "Kuna nini? Keti, keti. Mama Basant! Maji!"

"Basant," alisema Inshirah. "Yuko hai?"

"Hai?" Mama Basant alitokea ngazini na bilauri. "Yuko hai, na mimi ndiye nitakayekufa! Jana kaja na hiyo ishirini, nikataka kupiga kigelegele, akaniziba mdomo kwa mkono. Mkono wake, mimi mamake! Anasema nyamaza, huenda ni kosa. Kajifungia nayo. Basant! Shuka, Abla wako huyu!"

Miguu ikasikika ngazini, mbio. Basant alishuka hana kilemba, nywele zimetimka, karatasi imeinuliwa juu kama tiketi.

"Abla! Nimeipata!"

"Umepata nini?"

"Yangu! Ile moja!" Akaitandika karatasi juu ya ubao wa kitanda, akasukuma vumbi la mbao kando. "Tazama. Hapa mwanzo bibi ana paka mweupe. Si ndiyo? Mweupe, analala juu ya redio. Sasa njoo huku mwisho. Bibi anamwita paka ale samaki. Paka huyu huyu. Anatoka gizani, mweusi kama makaa!" Akacheka, kicheko kile cha zamani, kikajaa karakana. "Paka kabadilika rangi! Na hakuna aliyemwona!"

Inshirah aliinama akasoma. Mweupe. Mweusi. Alikuwa ameisoma karatasi hii jana, neno baada ya neno, na kila neno lilikuwa sahihi, na hakuiona nyumba ya bibi, wala bibi, wala paka. Alisoma maneno yote; hadithi hakuisoma.

"Toa moja, Abla," alisema Basant. "Tafadhali. Lakini weka duara."

Inshirah akatoa kalamu nyekundu. Akazungusha duara kwenye yule paka mweusi, taratibu, akakata ile ishirini yenye sifuri mbaya, akaandika kumi na tisa.

"Angalieni msinipake wino," alisema baba. "Kitanda cha bibi harusi hicho."

"Na mtihani wa mwisho?" aliuliza Inshirah.

"Naingia, Abla. Kwani sasa nina nini?" Akamgeukia mama yake. "Mama, kuna maharage?"

Mama Basant akapiga kigelegele kimoja kirefu, kwa ajili ya ile kumi na tisa, mpaka misumeno ya jirani ikanyamaza kusikiliza. Inshirah alikunywa maji yake mpaka mwisho.

Asubuhi iliyofuata alifika shuleni wa kwanza. Usiku wote hakuwaza juu ya Basant. Basant alikuwa amekula na kulala. Aliwaza juu ya insha yake mwenyewe, ile iliyofungiwa bajia. Iliandikwa juu ya safari ya baharini, hilo alilikumbuka. Alikumbuka kila kitenzi. Lakini watu aliowapandisha kwenye ile safari, je, wote walirudi nyumbani? Wavuvi wale wawili walikuwa ndugu mpaka mwisho? Hakuweza kukumbuka, maana hata yeye, siku zote zile za kuisoma, hakuwahi kuisoma hivyo.

Akasimama mbele ya kiti.

"Ilikuwa husuda, Abla?" aliuliza. "Au na mimi nilikuwa na paka?"

Nje vumbi lilikuwa bado limeziba mbingu. Tangu alfajiri jua halikuonekana, na dirisha lilikuwa kijivu kama jivu la jiko. Inshirah akanyoosha mkono, akaligusa egemeo.

Lilikuwa na joto.